Injini Iliyoahirishwa

Tangazo lilitolewa asubuhi, ndani ya ghala la Wetherill Park, mbele ya wafanyakazi wote na keki moja. Bwana Randall Pruitt, Makamu wa Rais wa kampuni ya pikipiki ya Prairie Hammer kwa nchi zote zinazoguswa na Pasifiki, alipanda juu ya kreti akasema kwamba Marekani inaunda pikipiki mpya, yenye kasi ya mashindano na starehe ya safari ndefu. Jina lake litakuwa Seneta. Na jambo zito kuliko yote, yaani injini yake, halitaamuliwa Marekani. Litaamuliwa hapa Sydney, mwaka huu wa 2014, na kamati.

"Injini haichaguliwi na mafundi," alisema. "Injini huchaguliwa na dira."

Watu wakapiga makofi, maana keki ilikuwa bado haijakatwa.

Aliyepiga kwa moyo wote alikuwa Elkana Wanyonyi. Tangu alipotoka Webuye alikuwa amesimama kaunta ya vipuri akiwauzia watu plagi na pedi za breki, na alizipenda pikipiki kupenda kwelikweli. Aliweza kutambua aina ya injini kwa kuisikia ikipita nje. Siku hiyo aliteuliwa Katibu Mtendaji wa Kamati ya Uteuzi wa Injini. Akapewa kitambulisho cha kuvaa shingoni. Jumapili alikwenda nacho kanisani.

Injini tatu zikaletwa kujaribiwa. Ya kwanza ilikuwa na silinda mbili zilizokaa kama herufi V, mtindo ambao Wamarekani wanauona kama nusu ya katiba yao. Léonie Mirindi, mwendesha majaribio wa kampuni, mama wa Bukavu mwenye sauti iliyozoea kuongoza kwaya, aliipeleka hadi Penrith. Alirudi akashuka, na mikono yake ikaendelea na safari.

"Kaka Elkana," alisema, "ile kioo ya nyuma inanionyesha polisi wawili pahali iko mmoja."

Ya pili ilikuwa na silinda nne, nazo pia zimekaa V. Nguvu zake zilitisha, na joto lake pia. Léonie alirudi akitembea amepanua miguu. "Mapaja yangu imekuwa brochette, nyama ya kuchoma," akasema. "Leteni tu pilipili."

Ya tatu ilikuwa na silinda nne zilizojipanga mstari mmoja. Hiyo alikaa nayo sana. Aliporudi alikuwa ametulia, amepitia Cabramatta kununua mboga, na zimefika mbichi.

"Hii ni bien," aliiambia kamati. "Ni laini, iko na nguvu, haichome mutu. Tuchukue hii, kila mutu arudi kwake."

Wajumbe wakatazamana kama waliopewa habari za msiba.

"Bibi Mirindi," Bwana Pruitt alisema kwa upole, "tatizo ni hilohilo. Ni nzuri tu. Haina utambulisho. Mpanda Seneta lazima ahisi kwamba amebebwa na Marekani. Asipotetemeka, atajuaje?"

Elkana aliona kwamba injini ya tatu ndiyo yenyewe. Jioni, watu walipokwenda, aliiwasha peke yake akaisikiliza kama mtu anavyomsikiliza mtoto akisoma. Lakini yeye sasa alikuwa Katibu Mtendaji, na Katibu Mtendaji hana masikio, ana ajenda.

Ikaundwa Kamati Ndogo ya Mtetemo. Mwenyekiti wake alikuwa Maxwell, Mkenya mwenzake Elkana na mkuu wa masoko, kijana mwenye viatu vyenye ncha na digrii mbili zisizohusiana na chochote. Maxwell alikuja na ufumbuzi ambao hata Bwana Pruitt alisimama wima kuushangilia.

"Kosa letu," alisema Maxwell, "ni kudhani mtetemo lazima utoke kwenye injini. Mtetemo ni huduma. Injini ni miundombinu. Tuvitenganishe."

Basi chini ya kiti kikawekwa kitetemeshi cha umeme, ndugu mkubwa wa kile cha ndani ya simu. Mlio nao ukarekodiwa, ukapitishwa kwenye spika mbili zilizofichwa ndani ya mabomba ya eksosi. Vyote vilihitaji betri, na betri zilihitaji mahali pa kukaa. Mahali palipokuwepo palikuwa na injini. Ikaazimiwa injini ijibane: silinda nne zikawa tatu, tatu zikawa mbili, ikabaki moja, ya kiasi cha mashine ya kukatia nyasi. Hapo Kamati Ndogo ya Sauti ikalalamika kwamba silinda iliyobaki inaharibu mlio wa spika.

Bwana Pruitt alivua miwani. "Tuwe wakweli. Injini hii inachangia nini?"

Wajumbe wakainamia madaftari yao.

"Joto?" aliuliza. "Hatulitaki. Uzito? Hatuutaki. Mtetemo tunao. Mlio tunao. Elkana, wewe ndiye Katibu. Na kama unavyojua, natafuta Mkurugenzi Msaidizi."

Elkana alifungua mdomo. Maneno aliyokuwa nayo yalikuwa machache na mepesi: bila injini haitaenda. Yalifika hadi kwenye meno. Kisha akajiona ofisini, mlango wenye jina lake, na mkono wake ukapanda wenyewe. Azimio likapita bila kupingwa. Injini haikuondolewa. Iliahirishwa hadi awamu ya pili.

"Si useme tu haina engine?" Kawira, mkewe, alimwuliza nyumbani Penrith. Alikuwa nesi, ametoka zamu, ameloweka miguu kwenye beseni.

"Inayo. Imeahirishwa."

"Baba Shirleen, mimi wodini nikipata mgonjwa moyo wake umeahirishwa, tunaita jamaa zake."

Uzinduzi ulipangwa kufanyika Penrith, ukingoni mwa mto, penye jukwaa, mabango na waheshimiwa. Seneta ingewasili kutoka milimani mbele ya waandishi wa habari. Njia aliichagua Elkana mwenyewe: kuanzia Glenbrook, barabara inateremka mpaka Emu Plains, na alijiambia moyoni kwamba mteremko nao ni aina ya nishati.

Pale juu, Léonie aliitazama pikipiki, akainama, akachungulia. "Moteur iko wapi?"

"Awamu ya pili," alisema Elkana.

"Mimi ni pilote, kaka. Mimi si jiwe ya kuviringisha." Akavua kofia ya chuma akamkabidhi Bwana Pruitt, naye, kwa kuwa kamera zilikuwa zinatazama, akaivaa na kupanda.

Akabonyeza kitufe. Seneta ikanguruma hadi ndege wakahama miti. Ikatetemeka vizuri sana. Elkana akaisukuma kidogo kwa nyuma, kiitifaki, nayo ikaondoka.

Lazima isemwe kwamba iliteremka kwa fahari. Waandishi, ndani ya magari yao, walisifia ulaini usio na kifani, gia zisizohisika, na ukosefu kamili wa moshi. Mmoja alisema hajawahi kuona mashine isiyotumia mafuta kiasi hicho. Elkana, aliyekuwa akifuata ndani ya gari linaloendeshwa na Léonie, alianza kuamini.

Halafu wakafika Emu Plains, ambako ardhi ni tambarare na haina itifaki.

Seneta ikapunguza mwendo. Ikapitwa na baiskeli. Ikapitwa na mama anayesukuma kigari cha mtoto. Ikasimama mbele ya duka la mikate, inanguruma kama simba na kumtikisa Bwana Pruitt hadi mashavu yakapishana. Kitufe cha kuzima hakikuwepo. Kamati yake ilikuwa bado haijakaa.

"Elkana!" aliita Bwana Pruitt, sauti inakatikakatika. "Si-si-sukuma!"

Elkana akashuka. Akatazama daraja mbele, na ng'ambo yake mabango yanapepea. Akautazama mkono wake, uleule uliopanda siku ile. Akavua kitambulisho shingoni, akakitundika kwenye mpini wa Seneta.

"Hapana, bosi," alisema. "Haina injini. Ilikuwa nzuri ile ya tatu, na nilijua, na nikanyamaza. Sasa shuka usukume mwenyewe."

Lilikuwa "hapana" lake la kwanza tangu aajiriwe, na Léonie alipiga kigelegele ndani ya gari hadi mwuza mikate akatoka nje.

Bwana Pruitt hakuwa mtu wa kusukuma. Wakati huohuo akapita Bi Doreen, bibi kizee mwenye vitukuu, juu ya kile kigari cha betri wanachotumia wazee kwenda dukani. Kando yake alitembea Généreuse, Mkongomani anayemtunza. Bi Doreen akamwonea huruma yule mzungu anayetetemeka, akadhani ni ugonjwa. Généreuse akatoa kamba ya kuanikia nguo kwenye kikapu, akafunga fundo moja la maana.

Hivyo ndivyo Seneta ilivyovuka daraja na kuwasili ukingoni mwa mto, mbele ya jukwaa: kigari mbele, kamba katikati, Makamu wa Rais nyuma, ngurumo juu ya wote. Bendi ikapiga. Waheshimiwa wakasimama. Waandishi wakakimbia, wakampita Bwana Pruitt kama nguzo, wakamzunguka Bi Doreen.

"Mama," aliuliza wa kwanza, kinasa sauti mkononi, "unaweza kutuambia umechagua injini gani?"

Bi Doreen alifikiri kidogo.

"Sijui, mwanangu. Mimi nabonyeza hapa, inaenda."

Akawaonyesha. Kigari kikaondoka taratibu kuelekea duka la dawa, ambako alikuwa na miadi, na kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kufungua kamba, Bwana Pruitt naye akaenda.