Tapeli wa Kaskazini

Jumatatu, 3 Machi
Cheo cha mkuu wa kitengo cha mtandao kiko wazi! Bosi atatangaza Ijumaa. Tumebaki wawili: mimi na Miwani, wa meza ya pili, anayefuta vioo kila akiulizwa swali. Hanipati ng'o.

Na leo nimenasa tapeli. Kuna seva tunayoiuliza kila tovuti iko wapi. Nimeipima: jibu limerudi kufumba na kufumbua, maana yake iko jirani. Nikamwomba dada yangu naye apime; yuko tawi letu la kaskazini, safari ya siku nzima kwa basi. Anwani ileile, naye kajibiwa kufumba na kufumbua! Seva moja haiwezi kuwa jirani yetu sote. Inayomjibu dada ni feki. Dada kaniambia nimuulize Miwani kwanza. Afadhali nile sabuni.

Jumanne, 4 Machi
Nimembembeleza dada, kanipa nywila ya tawi lao. Nimeifunga ile anwani kule. Kimya kimya. Ijumaa nitamweleza Bosi mbele ya watu wote.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Kaskazini nzima haifungui tovuti hata moja. Wateja wamejaa mlangoni, na meneja wa kule anataka kumfukuza dada, maana nywila kakabidhiwa yeye. Dada analia.

Miwani kaliona kufuli langu, kalifungua, kisha kaja kwangu. Hakuna tapeli, kasema. Anwani moja hutangazwa makusudi kutoka miji mingi, na njia za mtandao humpeleka kila mtu kwa seva ya karibu.

"Kupima umepima vizuri, ndugu yangu," kaniambia. "Umekosea kuhukumu."

Ijumaa, 7 Machi
Cheo kaenda nacho Miwani. Nimeumia, sisemi uongo. Halafu akasimama, akafuta vioo, akamwombea dada asamehewe, na mimi nipewe kazi ya kusaka anwani za namna ile, za miji mingi: mimi huku, dada kule. Bosi kakubali yote! Nimempa Miwani mkono kwa hiari yangu.

Jumatatu, 10 Machi
Kazi tamu. Kila anwani tuliyopima na dada inajibu upesi huku, upesi kule. Isipokuwa moja: kwangu upesi, kana kwamba iko chumba cha pili, kwa dada inajikokota. Kwa nini imbague dada yangu? Tapeli huyo, safari hii hachomoki! Nimeifunga pande zote. Miwani sijamwambia.

Simu zinalia kila meza. Bosi katoka ofisini mbio, ananiita kwa jina langu kamili mbele ya watu wote. Cheo hicho!