Kustaafishwa kwa Shangazi, Gari la Wagonjwa la Miburani

(Hotuba ya Mheshimiwa Mansuri Jabir, Mwenyekiti wa Kamati ya Mpito ya Usafiri Mahiri Visiwani, aliyoitoa mbele ya zahanati, Miburani, Mafia, katika mkutano uliotangazwa kuanza saa mbili asubuhi na ukaanza saa nne.)

Waheshimiwa mlioketi meza kuu, waheshimiwa ambao mngeketi meza kuu kama viti vingetosha, mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa mgeni rasmi, masheikh wetu, wazee wetu shikamooni, (Wazee: Marahaba.) wafanyabiashara wa nazi na wa samaki, kina mama wa mwani ambao nimenong'onezwa kwamba maji yanakupwa na mnatamani kwenda zenu, Bi Biubwa muuguzi wetu, Bwana Shamte fundi na dereva wa gari la wagonjwa, wanahabari wote, yaani Bwana Iddi wa kipaza sauti aliyekubali kutupiga na picha kwa simu yake, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa naomba ichukuliwe kuwa imezingatiwa. (Makofi kutoka meza kuu.)

Kabla sijaingia kwenye kiini cha hotuba, ambacho kina vipengele kumi na vinne, naomba nilitolee ufafanuzi suala la kuchelewa kwangu, kwa sababu lenyewe ni ushahidi wa mada. Gari la Kamati, kama mnavyofahamu, lina kompyuta thelathini na saba, na halina ufunguo wa kuchomeka kama haya magari yenu, bali lina kidude ambacho dereva anakaa nacho mfukoni na gari linamtambua akilikaribia. Sasa dereva wangu Yasir amepanda boti ya alfajiri kwenda Nyamisati, ng'ambo bara, kwenye arusi ya binamu yake, na kidude amekwenda nacho mfukoni, na gari limebaki pale bandarini Kilindoni likiwa limejifunga lenyewe. Mimi nililiendea, nikashika mlango, nikajitambulisha kwa jina na kwa cheo, na halikufunguka. (Kicheko.) Msicheke, ndugu zangu. Gari lile haliwezi kuibwa hata na mwenyewe, na ndiyo maana nimekuja hapa kwa bodaboda moyo wangu ukiwa umetulia kabisa.

Sasa nije kwenye jambo lililotukutanisha. Hapa nyuma yangu, juu ya mteremko huu, limeegeshwa gari mnaloliita Shangazi, ambalo mlilinunua wenyewe kwa michango yenu miaka ishirini na sita iliyopita, na leo mmelivika shada la asumini kana kwamba linakwenda kuolewa. Tathmini ya kitaalamu iliyofanywa na Kamati kwa kulizunguka mara mbili imebaini kwamba gari hili halina kompyuta hata moja, halina kihisi hata kimoja, lina taa mbili za mbele ambazo moja ndiyo inawaka, na linapiga honi likikata kona bila kuombwa. Kwa hiyo Kamati, kwa kuzingatia dira, tija na mwelekeo wa dunia, imeazimia kwamba leo mkabidhi Shangazi, kadi yake na ufunguo wake, lipelekwe Kilindoni likanadiwe, ili nanyi mpatiwe Gari la Wagonjwa la Kizazi Kipya. (Makofi machache. Bi Biubwa amenyoosha mkono.)

Ndiyo, Bi Biubwa, sema mama, lakini kwa kifupi maana mrefu hapa ni mimi.

(Bi Biubwa: Mheshimiwa, ukiondoka na hili leo, mgonjwa wa kesho nimpakie kwenye nini?)

Swali zuri sana. Nimelipokea, nimelitafakari, na nimeshaliingiza kwenye jedwali la changamoto, katika safu ya kesho. (Minong'ono. Bi Biubwa hajakaa.) Keti mama, jibu linakuja katika kipengele cha tisa.

Naomba sasa nizungumzie ubora wa umeme ndani ya gari, maana nasikia kuna watu barazani wanapotosha, wanasema eti gari likizidi nyaya linazidi maradhi. Kwa mujibu wa utafiti tuliofanya wenyewe kwenye kibaraza cha ofisi, asilimia themanini na tisa nukta nne ya waliohojiwa walikubali kwamba gari lenye kompyuta ni bora, na waliohojiwa walikuwa mimi, Yasir, na sehemu kubwa ya mwenye duka la jirani ambaye aliitwa na mteja kabla hajamaliza kujibu. (Kicheko.) Gari letu la Kamati kila ukiliwasha linasema maneno ya Kijapani, kwa sauti ya kike na kwa adabu kubwa mno. Hatujui linasema nini. Mimi hulijibu marahaba, na mpaka leo hatujakosana.

Na usalama je? Mwezi uliopita nilitoka Utende na kapu la pweza nikaliweka kiti cha mbele, mimi nikakaa nyuma kama inavyostahili cheo changu, na gari likapiga hesabu zake likaona yule pweza ni abiria ambaye hakufunga mkanda. Likaanza kulia. Likalia mpaka tukafika nusu ya njia, watu wanatoka majumbani kututazama, ndipo Yasir akasimamisha gari akamfunga pweza mkanda, na papo hapo likanyamaza. Ndugu wananchi, gari linalomhurumia pweza kiasi hicho litamhurumia vipi binadamu mwenye kadi ya kliniki! (Kicheko kirefu. Mzee mmoja anafuta machozi kwa ncha ya kanzu.)

Breki zake zinafikiri zenyewe. Mbuzi alikatiza barabara, Yasir alikuwa ananionyesha kitu dirishani, na gari likasimama bila kuambiwa na mtu, na mbuzi yule mpaka sasa yuko hai na amezaa. Hili hata Bwana Shamte amelikubali mbele yangu, na Bwana Shamte si mtu wa kukubali vitu. (Shamte anatikisa kichwa kukubali.)

Ni kweli, sitaki kuwaficha, ipo taa moja ya njano yenye mchoro wa injini iliyotusumbua kidogo. Iliwaka siku moja, gari likaanza kwenda kwa kujivuta kama mtu aliyeamshwa usingizini, na hapa kisiwani hapakuwa na mashine ya kulisoma, hivyo likavushwa mpaka Dar es Salaam. Lilipofika, taa ikazima. Wataalamu wakalipima siku nne, hawakuona kitu, wakatuandikia barua ya kutupongeza. Liliporudi Kilindoni, taa ikawaka. Mimi naliona hilo kama mafanikio, kwa kuwa ni magari machache sana duniani yanayojua yako wapi. Hata hivyo Bwana Shamte alikuja na plasta aliyoiomba kwa Bi Biubwa, akaibandika juu ya ile taa, na tangu siku hiyo hatujaiona tena. (Vigelegele.)

Nilimwuliza Bwana Shamte siku ile kwa nini anayapinga maendeleo, na kwa faida ya kumbukumbu za mkutano nanukuu alivyonijibu huku mikono yake imejaa grisi: "Mheshimiwa, umeme wenyewe mzuri, na breki zake nimezipenda. Lakini Shangazi akiharibika namfungua mwenyewe hapa chini ya mnazi, na hili lako likiharibika anayeliweza yuko ng'ambo. Mgonjwa hasubiri boti." (Makofi makubwa, marefu.) Naona mnapiga makofi. Naomba yahesabiwe kuwa ni ya hotuba yangu.

Sasa nifunue lile mlilokuwa mkilingojea. Bwana Iddi, vuta kitambaa. (Kitambaa kinavutwa. Chini yake kuna ubao wenye picha ya gari jeupe.) Hilo hapo! Gari la Wagonjwa la Kizazi Kipya, kompyuta hamsini na mbili, kitanda kinachopanda na kushuka, milango inayojifungua ikiona mgonjwa. (Sauti: Mheshimiwa, hizo namba chini ya picha ni za nini?) Hizo ni tarehe za mwezi wa Machi, msizishughulikie. Gari lenyewe liko katika hatua za juu kabisa za mchakato, juu kiasi kwamba kwa sasa si rahisi kulifikia.

Utaratibu unataka mkabidhi kwanza. Bwana Shamte, lete ufunguo. (Shamte anatembea polepole, anatoa ufunguo uliofungwa uzi wa kuvulia, anauweka mkononi mwa Mheshimiwa. Bi Biubwa anageuza uso.) Ahsante, Bwana Shamte. Naunyanyua juu ili upigwe picha. Kuanzia dakika hii, ndugu wananchi, gari hili ni mali ya Kamati, haliwezi kuondoka hapa bila idhini yangu, na kadi...

(Pikipiki inaingia kwa kasi katikati ya viti. Sadick, kijana wa shamba la mwisho la Miburani, anashuka bila kuizima.)

Kijana, tuna mkutano. Ungepita kwa katibu... Unasemaje? Mkeo Aziza. Uchungu tangu usiku. Na mkunga amesema mtoto amekaa vibaya, apelekwe Kilindoni sasa hivi. Pole, pole sana mwanangu. Naomba utulivu, jamani. Bi Biubwa, jambo hili linaangukia kipengele cha tisa, na tuko cha sita, lakini kwa hali ya dharura naruhusu tukiruke cha saba na... Bi Biubwa, unakwenda wapi na mkoba?

(Bi Biubwa amepanda gari. Shamte amekaa kwenye usukani. Watu wanasimama, viti vinaanguka.)

Bwana Shamte, shuka. Ufunguo ninao mimi. Huu hapa. Gari haliendi bila ufunguo, hilo ni... Nyie wazee mnakwenda wapi? Sheikh, na wewe? Mwakilishi wa mwakilishi, rudi kitini! (Watu kama thelathini wamelizunguka gari kwa nyuma. Wanasukuma. Gari linateremka, linakohoa, linatoa moshi, injini inanguruma. Vigelegele.) Limewaka. Limewakaje? Kumbe dizeli ya zamani ikisukumwa haihitaji ufunguo... Haya. Honi hiyo imelia yenyewe au wamepiga? Sawa. Limeondoka.

(Dakika hamsini baadaye. Viti vingi vitupu. Kina mama wa mwani hawakurudi. Mheshimiwa bado yuko kwenye kipaza sauti.)

Ndugu zangu watano mliobaki, naendelea na kipengele cha kumi na tatu. Nilipokuwa nageuzageuza karatasi pale sikuwa nimepotea, nilikuwa natafakari kitaalamu. Nilikuwa najiuliza, na hili lisiingie kwenye taarifa, ingekuwaje kama huyu Aziza angepelekewa gari langu, lililojifunga bandarini, na kidude chake kiko arusini Nyamisati. Nimeogopa, jamani. Nasema kweli.

Lakini kiongozi hufunga mkutano kwa kaulimbiu. Nikisema Usafiri Mahiri, nanyi mseme Bila Kusukuma. Usafiri Mahiri! (Iddi peke yake, kwa sauti ya chini: Bila kusukuma.) Kompyuta Kila Gurudumu! (Mmoja wa watano anaanza kukusanya viti.) Kizazi Kipya, Gari Jipya! (Iddi anaangalia simu yake, anainuka, anampelekea Mheshimiwa.)

Subirini. Ni ujumbe wa Bi Biubwa. Wamefika hospitali. Mtoto hakusubiri, amezaliwa barabarani, ndani ya Shangazi, kwa mikono ya Bi Biubwa, akatanguliza miguu. Wa kike. Mama mzima, mtoto analia vizuri. (Watu watano wanapiga kelele kama hamsini.) Alhamdulillahi. Nimefurahi. Nasema nje ya hotuba kwamba nimefurahi sana, na machozi haya si ya vumbi.

Basi naomba nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru waliotuazima kalenda, ambao wanaitaka kabla ya saa nane. Nawashukuru wafadhili wa Gari la Kizazi Kipya, ambao hatujawatafuta. Taratibu za utoaji wa taarifa zinanilazimu kusema kwamba gari hilo halijaagizwa, andiko la mradi halijaandikwa, fungu halijaombwa, na Kamati yenyewe ni mimi na Yasir. Makabidhiano ya leo yameahirishwa mpaka itakapothibitika kwamba kuna kitu cha kukabidhiana. Bwana Shamte akirudi mpeni ufunguo wake, ingawa nimeona hauhitaji.

Hata hivyo, Bwana Iddi, andika vizuri, hii ndiyo sentensi ya gazetini. Mradi wa Usafiri Mahiri, ndani ya siku yake ya kwanza, ulipokea mgonjwa mmoja na ukafikisha hospitali watu wawili. Huo ni ufanisi wa asilimia mia mbili, kwa mradi ambao haupo. Asanteni sana kwa kusukuma.