Ombi la Kurudishiwa Rangi Zilizokuwa Zikipotea

Duka la miwani,
Meza ya mapokezi,
Jumatano asubuhi.

Kwako mdogo wangu, fundi wa programu za simu,

YAH: MAKTABA YAKO KUFANYA KAZI VIZURI KUPITA KIASI

Pokea salamu za dada yako. Mimi ni mzima, mama ni mzima, ila goti lake ni lile lile. Baada ya salamu naomba unisikilize hadi mwisho, maana nimekubeba mgongoni na sijawahi kukudai chochote.

Wiki mbili zilizopita ulikuja dukani kwetu ukaweka toleo jipya la ile programu tunayopokelea oda. Ukatueleza, macho yakikung'aa, kwamba zamani kila kitu kinachotoka skrini moja kwenda nyingine ulikifunga na kukifungua kwa mkono wako, na ukikosea jina upande mmoja tu, kitu kinapotelea njiani. Sasa umebuni kitu unachokiita maktaba, ingawa sikuona humo kitabu hata kimoja. Wewe unataja tu kinachotakiwa kupita, nayo inakuandikia yenyewe msimbo, yaani yale maagizo ya kompyuta, wa kukifunga huku na kukifungua kule. Tulikupigia makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, kumbe najipalia makaa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Zamani oda iliondoka kwangu ikiwa kamili, ikamfikia fundi wa lenzi kule chumba cha nyuma bila rangi ya fremu. Fundi alipiga kengele, nami nikatembea hatua arobaini na mbili kwenda kumwambia kwamba ni kahawia. Mara kumi na moja kwa siku, miaka miwili. Kutoka kahawia tukafika kwenye habari za mama yake, na kwa nini hali vitunguu. Sasa rangi zote zinafika salama. Kengele imenyamaza, na mimi nimebaki mezani kama mzigo usio na mwenyewe.

2. Nilijaribu kujitetea. Niliacha nafasi ya rangi wazi makusudi. Kitufe kikakataa kubonyezeka, kwa kuwa rangi umeiweka kuwa ya lazima. Kwenye namba za macho nikaandika kwamba fundi aje aniulize. Nikajibiwa kuwa hapo zinatakiwa tarakimu. Nani alikutuma, mdogo wangu? Mwisho nikaona nafasi ya maelezo, ambayo ni ya hiari, nikamuuliza humo kama hajambo. Akajibu humo humo kwamba hajambo. Herufi saba, na zote saba zikafika.

3. Hapa sitanii. Mwisho wa mwezi huu fundi anahamishiwa tawi letu jipya. Kuna sentensi moja ninayoiandaa tangu mwaka juzi, na kwa safari kumi na moja kwa siku ningeifikia kama tarehe ishirini na tano hivi. Mwenye duka haruhusu mtu kuacha meza bila sababu ya kikazi. Mapenzi ni kikohozi, nami nimekohoa vya kutosha hapa mbele. Kule nyuma hasikii kwa sababu ya mashine.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Mbali na vitu vya lazima na vya hiari, uongeze aina ya tatu: vya kupotea. Utaibandika kwenye rangi, na maktaba iandike yenyewe msimbo wa kuipoteza, Jumatatu hadi Ijumaa. Haitakuchosha, kwani ulisema wewe unataja tu.

(b) Rangi ikizoeleka, upoteze na jina la mteja.

(c) Kufikia tarehe ishirini, skrini hizi mbili zisijuane kabisa, ili kiti changu kihamishiwe chumba cha nyuma kwa manufaa ya duka. Kazi ya maktaba nitaifanya mimi, kwa mdomo, na sitahitaji kuboreshwa.

Wasalimie wote ofisini kwenu, hata bosi wako aliyeisifu hiyo maktaba. Mwambie simchukii sana. Msalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka.

Ni mimi dada yako mkubwa, anayeteswa na usahihi wako,

Mhudumu wa mapokezi asiye na safari.

Nyongeza: Usiguse kitu. Kabla sijatuma barua hii, fundi amekuja mwenyewe hadi mezani kwangu, mikono mitupu, akaniuliza amenikosea nini hata nimesusa kwenda kwake wiki mbili nzima. Nikamweleza kwamba siku hizi rangi zinafika zenyewe. Akacheka mpaka akakaa kwenye kiti cha wateja. Kumbe mtunza stoo humpelekea kila fremu mkononi, kabla hata ya oda. Miaka yote miwili rangi alikuwa anaiona, na kengele alikuwa anapiga tu. Sentensi yangu ameisema yeye, tena kwa ufupi. Jumapili anakuja kumsalimia mama. Nawe uje, na shati lipigwe pasi.