Kichwa cha Kamera Kisichoinama

Ulemo, Jumatatu, 4 Juni 1956

Leo nimeanza kazi ya upigaji picha. Bado sijapiga picha.

Kamera ninayo. Ni ya Mjomba Leonidas, alirudi nayo kutoka vita vya Burma. Stendi yake ya miguu mitatu ni nzima. Ubaya ni kichwa cha stendi, yaani kile kidude cha juu kinachoishika kamera. Skrubu yake imelika. Ukiikaza, kamera inatazama mbele kwa muda wa Baba Yetu moja, halafu inaanza kuinama pole pole kama mzee wa kanisa katikati ya mahubiri. Na kidirisha cha kuchungulia kimeziba tangu Burma. Nalenga kwa kukadiria tu kutoka nje, na nikishalenga siwezi kuona kama imehama. Kwa hiyo namtegemea Mungu na kichwa.

Baba alisema waziwazi tukila ugali. Shule nimemaliza, mtama umevunwa, msichana hakai bure. Jumamosi Magdalena, binti wa jirani, anaolewa, naye Baba amewabembeleza wazazi wake wanipe mimi kazi ya picha. Zikitoka vizuri, nabaki Ulemo kuwa mpiga picha. Zikiharibika, nakwenda Mitundu kwa Shangazi Theodora kumlelea mapacha.

Nawajua wale mapacha. Wanauma.

Jumanne, 5 Juni

Kichwa imara kuliko vyote katika Iramba nzima anacho Simeoni, mpiga picha wa Shelui. Kila mtu anajua, kwa sababu Simeoni mwenyewe husema. Eti punda akikipiga teke, punda ndiye anayeumia.

Mpango wangu: niende kama mteja, nikichunguze, nirudi nikiige. Mjomba alinibeba kwenye keria ya baiskeli. Tulimkuta Simeoni barabarani, miwani ya jua usoni, akiwapanga matanboi wa malori mbele ya pazia lililochorwa ziwa na bata wenye shingo ndefu. Akaniuliza kama nataka picha ya kumpelekea mchumba. Matanboi wakacheka. Mmoja akasema mchumba mbona yupo, si yule babu mwenye baiskeli. Mjomba akamjibu kwamba yeye ni mjomba, na kwamba Burma aliwaona tumbili wenye adabu kuliko yeye.

Nikakaa. Nikataka kutazama kichwa cha stendi. Lakini Simeoni alikuwa akinitazama mimi! Nikainamisha uso. Akasema inua kidevu, dada. Nikainamisha zaidi. Akasema miaka yote ya kazi hajawahi kuombwa picha ya utosi.

Nimerudi nyumbani nikiwa nimevichunguza kwa makini vidole vyangu vya miguu. Upelelezi si kazi ya mtu mwenye haya.

Jumatano, 6 Juni

Fundi Mughwai, seremala. Nilimwamkia shikamoo mara tatu kabla hajanisikia. Nikamweleza ninachotaka, naye akasema amenielewa. Baada ya chakula cha mchana akaniletea kichwa cha mninga, kinene, kizito, kimepigwa msasa vizuri sana.

Hakina tundu la skrubu. Akasema tundu litakipunguzia nguvu. Nikamuuliza kamera itashikaje. Akasema hilo ni la kamera, yeye aliambiwa imara.

Kwamba ni imara, sina shaka. Mama amekikalia mpaka jioni akibangua karanga. Nilipokiomba alisema kwa Kinyiramba jambo ambalo sitaliandika kwa Kiswahili. Kichwa sasa ni kigoda.

Alhamisi, 7 Juni

Akili imenijia nikichota maji! Kitu gani kinashika imara na bado kinageuka kulia na kushoto? Shingo ya usukani wa baiskeli. Nimeifungua ile ya Mjomba kwa adabu, huku amelala, ili nisimsumbue, na usukani nikauegesha tu mahali pake.

Inageuka vizuri mno. Upepo kidogo tu, kamera inamtazama anayepita. Nilikuwa nimeilenga nyumba ya Magdalena, ikaishia kulenga choo cha mwalimu.

Kumbe Mjomba alikuwa na safari ya barazani. Nilimwona kwa mbali. Alishika usukani kwa mikono miwili, akautingisha, ukatoka mzima. Akabaki amesimama nao njiani kama fahali aliyeng'oka pembe. Hakunikaripia. Aliniuliza tu kama magurudumu nayo nitayahitaji, ili ajue mapema.

Nimerudisha shingo.

Ijumaa, 8 Juni

Shangazi Theodora amefika kwa ajili ya harusi, na kwa ajili yangu. Amekwisha kuniuliza kama naogopa kuumwa. Amewaletea maharusi asali ya Mitundu, na Mama amepewa bonge la nta kubwa kama kichwa cha mtoto.

Nta!

Nimeiyeyusha kwenye sufuria ya mboga, nikaimimina yote ndani ya kile kichwa cha zamani, skrubu na kila kitu, kamera ikiwa imekwisha kulengwa sawasawa. Jua lilipokwisha kuzama, baridi ikikata masikio, nilitundika debe la maji shingoni mwa stendi. Haikutikisika. Nikaongeza jiwe la kusagia. Kimya. Hata Shangazi alikiri hajaona kitu kigumu hivyo, akaomba nta iliyobaki. Nikamwambia haikubaki.

Simeoni na punda wake wakae huko huko.

Jumamosi, 9 Juni

Nimefanikiwa!

Nilitaka kupiga mapema, kukiwa bado na ubaridi. Lakini shangazi zake Magdalena walikaa mlangoni wakasema bibi harusi hatoki mpaka kila mmoja apewe khanga. Bwana harusi Zefania alileta khanga. Wakasema hizi ni za watu wembamba. Zikaletwa nyingine. Wakasema hizi zina rangi ya msiba. Magdalena alitoka jua likiwa juu ya utosi.

Sauti yangu haikusikika hata kwa mbuzi, basi Mjomba akanisaidia. Aliwapanga maharusi na wazee kama makuruti: nyuma simama, mbele kaa, macho mbele, wewe bibi funga mdomo nzi wasije wakaingia pichani. Mimi nilijifunika kaniki ya Mama pamoja na kamera. Kamera yangu haihitaji kitambaa. Ninayekihitaji ni mimi. Chini ya kaniki hakuna anayenitazama, nami nakuwa hodari sana.

Joto lilikuwa kama la tanuru. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye mikono, la ajabu kidogo, zito na lenye harufu ya asali. Sikujali. Nilipiga filamu yote bila kutoka nje. Nilipomaliza, Magdalena aliniambia kwa siri anataka moja ya kumpelekea bibi yake asiyeweza kutembea, amwone akiwa bibi harusi.

Mitundu, kwaheri.

Alhamisi, 14 Juni

Dawa za kusafishia filamu anazo Simeoni peke yake. Ilibidi niende kwake. Baba alifuatana nami, na Magdalena na mumewe, tukapewa nafasi kwenye lori.

Simeoni alitoka chumba cha giza bila miwani. Alikuwa amelia. Nilidhani ni wivu. Kisha nikasikia matanboi, waliokwisha kuchungulia picha, nao wanalia kwa kicheko, wameegemea lori.

Picha ya kwanza: ukoo mzima, hauna mapaji. Ya pili: videvu na kuendelea chini. Ya tatu: shingo. Halafu vifua, halafu matumbo, halafu magoti. Picha zilizofuata ni miguu. Miguu safi kabisa! Kila ufa wa kisigino unaonekana. Ya mwisho ni kuku.

Zefania alivaa kiatu kimoja cheusi na kimoja cha kahawia. Alikuwa amewaambia wakwe ni jozi mpya.

Magdalena alitazama zote, moja moja, akizigeuza, kana kwamba uso wake ungeweza kuwa nyuma. Akauliza kwa upole ni ipi nzuri ya kumpelekea bibi. Hapo nilitaka kaniki.

Simeoni akafuta macho. Akasema warudi kesho na nguo za harusi, atawapiga picha upya, bila malipo, kwa kuwa katika maisha yake hajapata kucheka hivyo. Akaongeza kwamba zile za miguu angependa kubaki nazo. Ndiyo kusema hata kwa ukarimu amenishinda.

Tulipofika nyumbani, Baba alimwambia Shangazi afungashe.

Jumapili, 17 Juni

Kesho Mitundu. Shangazi amenipa gauni la mikono mirefu na kunieleza sababu.

Leo wakati wa mahubiri nimejichunguza kwa unyofu. Nta haina kosa, ilikuwa safi. Kichwa hakina kosa, debe na jiwe ni mashahidi. Jua na wale mashangazi wana kosa kidogo. Lakini kosa lenyewe nimeligundua kabla ya sadaka kupita: ni miguu. Mitatu! Ng'ombe anayo minne. Mtu anayo miwili. Mungu hakumpa mnyama yeyote mitatu, na mimi nikaisimamishia harusi ya watu.

Mara baada ya ibada nimeazima msumeno wa Fundi Mughwai. Mjomba bado hajaiona stendi yake. Shangazi anasema mwezi ujao kuna harusi kubwa Mitundu, nami nimemwomba asimpe kazi mtu mwingine.

Nimebakiza miguu miwili, nikaegemeza stendi ukutani. Haitikisiki hata kidogo.