Konveta ya Kumpeleka Bibi Harusi

Jumanne, 3 Oktoba

Nimeamua. Gari langu, Kingswood, ndilo litakalompeleka Tamsin kanisani Moonta siku ya harusi, na itampeleka kwa kishindo. Binti yangu wa pekee! Tangu yuko tumboni mwa mama yake gari hili namtunzia yeye.

Tatizo ni Lyall, jirani yangu wa ng'ambo ya ua. Gari lake, Falcon, amelipaka nta mpaka paka wake anajitazama mlangoni. Leo akaegemea ua na kuniambia eti nikikwama siku hiyo, yeye yupo. Nikwame! Mimi! Lakini kweli tupu: Falcon yake ikikanyagwa inaruka. Yangu ikikanyagwa inatafakari kwanza.

Dawa naijua. Konveta! Lile bonge la chuma lililojaa mafuta, kati ya injini na giaboksi ya otomatiki, ndilo linaloamua injini ivume kiasi gani kabla ya kulisukuma gari. Yangu ya kiwandani inashika mapema mno. Nataka ya wanaume.

Jumatano, 4 Oktoba

Nimempigia Roslyn wa Adelaide. Huyu huunda konveta moja moja, kulingana na gari la mtu. Maswali yake sasa! Gari lina uzito gani? Kamshafti, ile shafti ya kufungua vali za injini, ni ya aina gani? Difu, zile gia za ekseli ya nyuma, je? Siku za kawaida linaendeshwa wapi?

Nilikuwa verandani. Haki ya Mungu nilitaka kusema kweli. Nikamwona Lyall anamwagilia nyanya zake, karibu mno na ua, sikio nje. Nikapaza sauti. Kamshafti ya mashindano! Difu fupi, ya mbio! Gari jepesi, na kila wikendi liko uwanjani kwenye mbio za magari!

Kamshafti ni ile ile ambayo gari lilizaliwa nayo. Gari ni zito, la familia. Wikendi linaenda kununua mkate.

Roslyn akaguna. Akasema konveta huundwa kwa gari lililopo, si gari la ndotoni, je, nina hakika? Nikamwambia dada, mimi si mtoto. Akanisihi basi nifunge rejeta ya kupoza mafuta ya giaboksi. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Sifungi. Inaharibu sura ya gari.

Ijumaa, 20 Oktoba

Imefika! Nimeifunga mwenyewe. Nikatoa gari barabarani, nikakanyaga. Lo! Injini ikanguruma mtaa mzima, mbwa wote wakabweka. Gari likasogea. Kidogo.

Mke wangu Maureen akatoka na taulo kichwani, akauliza kama kuna ndege inatua. Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo sauti ya nguvu. Akasema kama ni nguvu, mbona Bi Pascoe, ajuza wa mtaani kwetu, amenipita kwa miguu, tena na mkongojo? Maureen hajui ufundi.

Nimeshika giaboksi, nimeungua kidole. Itazoea.

Alhamisi, 26 Oktoba

Tamsin kaja kula pasti za mama yake, zile za unga zilizojazwa nyama na viazi. Akaanza kwa upole: baba, si twende tu na Falcon ya mjomba Lyall? Mjomba! Roho imeniuma mpaka pasti ikanishinda. Nikamwambia mwanangu, hili nimelingoja maisha yako yote. Akanikumbatia, akasema haya baba, tutaenda na lako, alimradi tufike.

Tutafika! Na Lyall atakula vumbi.

Jumamosi, 28 Oktoba

Hatukufika. Yaani gari halikufika.

Nani alijua kwamba mashine ya kuvunia shayiri itakuwa barabarani leo? Pana kama nyumba, inakwenda mwendo wa konokono, na hakuna pa kuipita. Nami nyuma yake, jua kali, injini inanguruma kama iko mashindanoni na gari linajikokota. Mafuta yakachemka. Moshi ukatoka chini ya miguu yetu. Tamsin akapandisha shela na kuuliza, baba, hii ni kawaida?

Likazima. Nyuma yetu nani? Lyall. Nilitaka acheke, ningepata la kusema. Hakucheka. Alifungua mlango wa Falcon, akasema panda jirani, bibi harusi asichelewe. Mshenzi!

Nimekwenda kwenye harusi ya mwanangu nimebanwa kiti cha nyuma, shela imenijaa mdomoni. Tamsin alicheka njia nzima mpaka poda ikamtiririka. Tukaingia kanisani tumeshikana mikono, tunanuka mafuta ya kuungua. Nililia. Nikamwambia Maureen ni moshi.

Jumatatu, 30 Oktoba

Nimempigia Roslyn. Hata sijamaliza salamu, akauliza kama nimeiunguza konveta. Mungu ambariki, hakunigombeza. Akasema nimrudishie, ataifungua na kuiunda upya ilingane na gari langu, ila safari hii nimwambie ukweli.

Nikaona aibu, nikausema. Kamshafti ya kiwandani. Gari zito. Difu ya kawaida. Ah, nilijisikia mwepesi! Roslyn akasema haya, sasa tunaelewana kaka, limebaki moja: siku za kawaida unaliendesha wapi?

Nikafungua kinywa kusema mkate. Maji ya mpira wa kumwagilia ng'ambo ya ua yakanyamaza. Nikaona kofia ya Lyall imesimama katikati ya nyanya, haitikisiki.

Uwanjani, nikasema, kwa sauti kubwa. Kila wikendi. Na kuanzia sasa, Jumatano pia.