Friji la Chiku

Jumatatu, 11 Agosti 2025. Kigombe.

Asmahani mwanangu, tangu tukuzike sijapata hofu kama hii. Mumeo tangu avuke mpaka wa Horohoro hana habari, sasa mdogo wake Badru amekwenda mahakama ya watoto. Anataka mwanao Nasra akaishi kwake mjini, Raskazone. Anasema yeye ni baba mdogo, shule iko jirani, na ana friji la milango miwili. Keshokutwa ofisa ustawi wa jamii anakuja kuitazama nyumba yangu. Mimi nina mtungi! Nimewaza mpaka uji ukaungua.

Jumanne, 12 Agosti

Njia imepatikana. Jirani Chiku ameniazima friji lake la barafu za ukwaju. Sharti: barafu zibaki ndani, nami nisizionje. Tumelileta kwa toroli. Nimemfundisha Nasra aseme ni letu. Akafinya jicho moja, kama wewe ulivyokuwa ukinifinyia nikidanganya bei ya samaki.

Jumatano, 13 Agosti

Fedheha! Ofisa kaja na Bi Imakulata wa taasisi ya utafiti. Hao hufuatilia kama mahakama zinatenda haki kwa watoto na familia. Nikajua: mkubwa ndiye huyu! Nikampa kiti chenye mto, nikamnong'oneza aniombee kwa hakimu. Akasema hapendelei mtu, kazi yake ni kuangalia kama mtoto anasikilizwa. Mjanja huyo.

Mara hodi! Watoto wa mtaa mzima wamelifuata friji. "Babu, za ukwaju zimeganda?" Nikawafukuza. Wakarudi na mama zao.

Ofisa akamuuliza Nasra friji ni la nani.

"La bibi Chiku. Limekuja kutembea."



Ijumaa, 15 Agosti

Mahakamani. Badru na suti, shikamoo yake tamu kama halua. Hakimu akamchukua Nasra chumbani kwake, sisi tukabaki nje. Nikakumbatia chupa ya maji ya Nasra. Nikaomba dua zote ninazozijua, hata ya kusafiria.

Nasra anabaki kwangu! Likizo atakwenda kwa Badru. Baada ya miezi sita watatazama tena. Nililia mbele za watu. Badru akanipa leso yake. Haikuwa mpya.

Njiani nikamuuliza Nasra alimwambia nini hakimu. Kumbe alisema kila asubuhi nikimsuka naimba ule wimbo wako, nakosea, naye ananisahihisha. Akiondoka, nani atanisahihisha?



Jumamosi, 16 Agosti

Nimetafakari kwa utulivu. Kilichotuokoa ni friji. Hakika! Ofisa aliliona kabla Nasra hajafungua mdomo.

Miezi sita si mingi. Jirani mwingine, Mzee Sele, ana televisheni ya ukutani. Leo nimemsalimia mara tatu, ya tatu akaniuliza kama naumwa. Nasra nimemwonya: safari hii asitie neno. Amefinya jicho.

Mwanangu, huko uliko, unikumbuke baba yako.