Kibali cha Bi Loretta Pruitt

Ofisi ya Uhakiki wa Uaminifu, hapa Virginia, inayo furaha kuutangazia umma kwamba Jumanne iliyopita ililinda siri za taifa dhidi ya fundi kufuli mmoja, Bi Loretta Pruitt. Nasema haya nikiwa katibu wa kamati, na nilikuwepo.

Bi Pruitt, mwenye umri wa miaka hamsini na mbili, alikuwa amepata kazi ya kutengeneza makabati yetu ya siri. Kilichobaki ni kibali cha kukaribia siri. Tatizo ni kwamba kwenye fomu, panapoulizwa makosa, aliandika ukweli. Kitendo hicho kiliishtua kamati.

"Uliiba gari la polisi la sherifu?" aliuliza Mwenyekiti wetu, Bwana Whitcomb Sayers.

"Ndiyo, mheshimiwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimelewa chakari. Nilikwenda kununua kuku wa kukaanga."

"Na king'ora?"

"Niliwasha. Foleni ilikuwa ndefu."

Hakuficha kitu. Alifungwa miezi minane na hajaonja pombe tangu hapo. Sherifu mwenyewe, sasa mstaafu, alimwandikia barua ya kumdhamini: "Nikisafiri, namwachia funguo za nyumba yangu."

Mwenyekiti aliisoma barua, akatikisa kichwa kwa busara. "Aliyejirekebisha mara moja anaweza kujirekebisha tena. Hapa hatutaki watu wanaobadilikabadilika."

Tukapiga makofi. Nikaandika: OMBI LIMEKATALIWA.

"Miaka thelathini yote ile haihesabiki?" Bi Pruitt aliuliza kwa sauti ndogo.

Hapo ndipo Bi Odessa Finch, mkaguzi kutoka makao makuu, aliyekuwa pembeni akila donati, alipojifuta midomo.

"Mwenyekiti, fomu yako mwenyewe, kwenye makosa umejaza nini?"

"Sina."

"Miaka sitini na moja, hata moja?"

"Hata moja."

"Hongera, baba. Hebu leteni ile mashine ya kupima uongo."

Mwenyekiti alifungwa nyaya akitabasamu. Alipoulizwa jina lake, sindano ilitulia. Alipoulizwa kama amewahi kukosea, ilirukaruka kama mahindi kwenye sufuria ya moto. Wajumbe wengine watano, nao wasio na kosa kwenye fomu zao, wakafuata. Mimi nilikuwa wa mwisho. Karatasi iliisha nikiwa bado nafafanua.

Kufikia saa tisa alasiri vibali vyote saba vilikuwa vimesimamishwa kwa kosa la kudanganya kwenye fomu. Bi Finch alitia saini kibali cha Bi Pruitt, akaondoka na donati mbili.

Kwa mujibu wa kanuni, asiye na kibali haruhusiwi kutembea kwenye korido bila kusindikizwa na mwenye nacho. Jengo zima, mwenye nacho ni mmoja.

Ofisi inapenda kuuhakikishia umma kwamba utaratibu unakwenda vizuri. Bi Pruitt hutupeleka msalani wawili wawili, na hutusubiri mlangoni bila kinyongo.

Jana Bwana Sayers alitoka huko macho yamemwiva kwa kulia.

"Usijali, mzee wangu," Bi Pruitt alimwambia, akimshika bega. "Mwaka wa kwanza ndio mgumu."